Mawakala Ambao Hawakutoka Vyumbani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge wetu na Mwenyekiti Mwenza wa Muungano. Wajumbe wa kamati za vyama vyetu viwili, mliokaa leo kwenye meza moja bila kamba katikati. Wazee wetu, wakwe zetu na majirani:

Makaribisho

Tunakukaribisha kwa mioyo myeupe. Ukumbi huu tumeufagia mara mbili. Mara ya kwanza walifagia wa Nguzo, mara ya pili wa Kufuli, kwa sababu kila upande ulidai mwenzake ameacha vumbi chini ya jukwaa. Miezi mitatu iliyopita vumbi hilo lingeundiwa kamati. Safari hii tulitaniana, tukashika mafagio, tukamaliza, tukanywa chai pamoja. Ukitaka kujua hali yetu ilivyo leo, Mheshimiwa, ni hiyo. Tumepumua.

Sisi ni mawakala hamsini na wawili tuliokulindia kura katika vyumba ishirini na sita vya jimbo hili, watu wawili kwa kila kiti. Kwa desturi risala yetu husomwa na mratibu wetu, yule mama mshonaji ambaye mji mzima unamwita Fundi. Leo haisomi. Amekaa mstari wa nyuma, kiti cha tatu kutoka mlangoni, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kumsubiri mwenzake. Barua ya kamati imemvua uratibu mpaka risala ya leo iwe na aya ya kuomba radhi.

Kwa hiyo tunasoma tukijua, nawe unasikiliza ukijua, kwamba kuna aya inasubiriwa. Tutaifikia. Kwanza tuseme yaliyotokea, maana yamesimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo.

Tulikotoka

Kwa wageni waliotoka mbali, tueleze kidogo. Nguzo ni chama cha watu wanaoamini kwamba nchi husimama juu ya familia, ibada na yale waliyoyaacha waliotutangulia. Kufuli ni chama cha wenye maduka, karakana na mashamba, wanaoamini kwamba serikali ikae mbali na droo ya mtu. Wote ni wahafidhina, maana yake wote hawapendi kubadilishiwa mambo. Taabu ni kwamba kila mmoja ana mambo yake ambayo hapendi kubadilishiwa.

Waliungana kwa sababu kila mmoja peke yake alikuwa ameshindwa mara tatu mfululizo. Wakaandika ilani ya pamoja, wakapiga picha, wakashikana mikono. Kisha likaja suala la siku ya mapumziko. Nguzo wakataka siku hiyo maduka yote yafungwe, watu waende ibadani na wakae na watoto wao. Kufuli wakasema mwenye duka ndiye mwenye ufunguo, atafunga akitaka. Ilani ikaandikwa kwamba suala hilo “litajadiliwa kwa hekima baada ya uchaguzi.” Sentensi hiyo moja ilichukua siku tisa kuiandika, na haikumridhisha hata aliyeiandika.

Fundi hakuhitaji kuusoma mgogoro huo gazetini. Alikuwa nao nyumbani. Mumewe ni mtu wa Nguzo, ndiye anayetunza funguo za nyumba ya ibada. Mdogo wake wa kiume, baba mmoja mnene mwenye duka la misumari na mabati, ni Kufuli tangu chama hicho kilipokuwa na wanachama saba. Wawili hao ndio walioliezeka upya duka la Fundi mwaka ule wa mvua kubwa, mmoja juu ya paa, mwingine akimrushia misumari kutoka chini. Lakini kampeni ilipopamba moto wakanuniana wiki tano nzima. Walikuwa wakikutana dukani kwake, kila mtu na pembe yake, na kuzungumza kwa kumpitishia yeye.

“Mwambie mumeo msumari haujui leo ni siku gani,” mdogo wake alikuwa akisema.

“Mwambie mdogo wako na mimi nina masikio,” mume alijibu, akimtazama mkewe.

Fundi alishona katikati yao mpaka siku moja akaweka mkasi mezani na kuwaambia kwamba yeye ni mshonaji, si posta. Hawakupatana, ila siku hiyo mashine zikasikika.

Sasa lile la viti. Tume ya uchaguzi inaruhusu mgombea awe na wakala mmoja tu katika kila chumba cha kupigia kura. Mgombea wetu alikuwa wewe, Mheshimiwa, mwenyekiti wa Kufuli, kwa niaba ya vyama viwili, na hakuna chama kilichokuwa tayari kumwamini wakala wa mwenzake. Kufuli walisema wa Nguzo watasinzia. Nguzo walisema wa Kufuli watatoka kwenda kufungua maduka. Kikao kikafanyika kwa Fundi, kwa kuwa kila kamati iliapa haitakanyaga ofisi ya mwenzake, na yeye alikuwa anawashonea wote sare. Waligombana kuanzia asubuhi hadi chai ikapoa mara mbili. Hatimaye Fundi akachukua chaki yake ya kukatia, akapiga mstari katikati ya kitambaa kilichokuwa mezani, akasema upande huu ni asubuhi na upande huu ni alasiri, na saa sita juu ya alama watu wapishane.

Ndipo alipokata vile vizibao. Kila chumba kizibao kimoja, pande mbili: upande mmoja nembo ya nguzo, ukikigeuza nje ndani unapata nembo ya kufuli. Nembo ya kwanza ya kufuli aliyoitarizi ilifanana na mkoba wa bibi harusi, akaifumua. Tume ikakubali, mradi kitambulisho hicho kikabidhiwe mbele ya msimamizi wa chumba. Tukafanya mazoezi hapa hapa ukumbini: saa sita, vua, geuza, kabidhi, ondoka. Tulifanya mara nyingi mno hata baadhi yetu tukawa tunageuza mashati yetu nyumbani bila kukusudia.

Siku yenyewe

Asubuhi ya uchaguzi Fundi alikaa dukani kwake. Ukutani alikuwa amebandika orodha ya vyumba ishirini na sita kwa pini za kushonea, pini nyekundu chumba kikifunguliwa, nyeupe kikishapishana. Mezani ilikuwepo simu yenye lile kundi la mawakala ambalo yeye peke yake aliruhusiwa kuandika. Utaratibu huo mliuweka nyinyi viongozi, Mheshimiwa, baada ya wajumbe wa kamati kulitumia kundi hilo kutukanana.

Saa tano na robo mwenyekiti wa Nguzo aliulizwa redioni kuhusu maduka. Alikuwa amechoka, alikuwa na furaha, akajibu kama mtu aliye sebuleni kwake. Alisema maduka yatafungwa, na waanze kufunga hao hao wenye maduka wa Muungano ili wengine waone mfano.

Saa tano na nusu ukaingia kwenye simu ya Fundi ujumbe wa sauti, sekunde kumi na moja. Usituone tumekosa adabu tukiyarudia maneno hayo, Mheshimiwa. Ni yako na sauti ilikuwa yako.

“Waambie watu wetu wote. Wa Kufuli asiingie chumbani hata mmoja. Muungano umekufa.”

Fundi aliusikiliza mara mbili, ya kwanza amesimama, ya pili amekaa. Kazi aliyotakiwa kufanya ilikuwa ndogo: kuusukuma ujumbe ule mbele kwa kidole kimoja. Akaitazama orodha ukutani. Aliona kitu kimoja ambacho nyinyi mliokuwa ndani ya magari hamkuwa na nafasi ya kukiona. Saa sita wa Nguzo wangesimama wote, juu ya alama, kama tulivyozoezwa. Wa Kufuli wasingekaa. Viti ishirini na sita vingebaki vitupu mpaka hesabu, na mgombea asiye na mtu chumbani hana wa kupinga wala wa kutia sahihi.

Alituambia baadaye kwamba hakufikiria ushujaa wowote. Alifikiria sauti. Alikuwa ameisikia wiki tano nzima dukani kwake. Mume wake alikuwa ameuzika Muungano mara nne, mdogo wake mara sita, na kila mara ilipofika jioni mzishi mwenyewe alirudi kuuliza kama kuna habari yoyote kutoka kamati. Fundi alijua sauti ya mtu anayevunja kitu ambacho baada ya saa tatu atakitafuta.

Akaitia simu kwenye droo ya vifungo, akaifunga. Akapiga pasi suruali ya mteja, mguu mmoja. Alipomaliza mguu huo alikuwa ameshaamua. Saa sita kasoro dakika kumi aliitoa simu na kuwaandikia mawakala maneno yale yale aliyokuwa ameyapanga tangu juzi: “Saa sita ni saa sita. Geuzeni.” Kwa haraka akabonyeza mara mbili, tukaupata ujumbe mara mbili. Sisi tulidhani ni msisitizo.

Hakutudanganya. Tunalisema hili kwa sababu barua ya kamati inatumia neno “udanganyifu.” Hakuandika kwamba mambo ni shwari, wala kwamba umeagiza tuingie. Alitutajia saa.

Dakika kumi baadaye mdogo wake akapiga. Yeye ni rafiki yako, Mheshimiwa, ujumbe wako alikuwa ameupata moja kwa moja. Alikuwa ndiye wa kupokea kiti cha chumba namba kumi na tisa.

“Dada, umeupata ujumbe wa Mheshimiwa?”

“Nimeupata.”

“Mbona basi watu wetu wanaingia?”

“Kwa sababu ni saa sita.”

Alimwambia anawaponza, na kwamba yeye hatoki nyumbani, na kama ni kufukuzwa basi wamfukuze dada peke yake. Fundi akamuuliza duka liko wazi. Akajibu kwamba siku ya kura duka amelifunga, mtu ana heshima zake.

“Haya,” Fundi akasema, “leo umewafanyia Nguzo walichokitaka.”

Simu ikakatwa. Tunamjua mdogo wake, yupo hapa, na anakubali kwamba alikata simu akicheka, na kwamba kucheka huko ndiko kulikomuudhi zaidi. Hata hivyo hakwenda.

Viti ishirini na tano vilipishana. Pini nyeupe ishirini na tano zikaingia ukutani. Namba kumi na tisa ilibaki nyekundu.

Chumba hicho kilikuwa darasa la watoto wadogo, viti vifupi, magoti ya watu wazima yakifika vifuani. Aliyekikalia asubuhi ni mwalimu mstaafu, mama wa Nguzo aliyeifundisha kusoma nusu ya jimbo hili, akiwemo huyo mwenye duka la misumari. Saa sita juu ya alama Mwalimu akavua kizibao. Akakigeuza, kufuli likawa nje, akakikunja vizuri na kukiweka juu ya kiti kwa ajili ya mwanafunzi wake wa zamani. Akasimama kando, akasubiri. Saa sita na dakika tano. Saa sita na dakika kumi. Msimamizi wa chumba, kijana mpole, akamweleza kwamba akitoka bila wa kumpokea, kiti hicho hakitakaliwa tena na mtu yeyote siku hiyo.

Mwalimu hakuwa na simu. Hakujua lolote la redioni. Alichojua ni kwamba yule mtoto alikuwa akichelewa tangu darasa la pili. Akakichukua kizibao, na kwa kuwa mikono yetu ilikuwa imezoea hatua moja tu, kugeuza mara moja basi, hakukigeuza tena. Akakivaa kilivyo. Akakaa chini, nguzo ikiwa upande wa ndani na kufuli likiwa mbele ya watu.

Mawakala wa vyama vingine wakamtania kwamba amehama chama kwa dakika kumi. Akawaambia waangalie sanduku, wasiangalie kifua cha mama mtu mzima. Kisha akakaa pale kwa saa nne bila kunywa maji, kwa sababu aliogopa kuhitaji kutoka.

Saa tisa alasiri Fundi alipigiwa simu na wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Mwenyekiti wa Nguzo alikuwa amekufuata hadi ulipokuwa, akasema maneno ya redioni yalimponyoka, mkakumbatiana mbele ya walinzi. Ukamwambia Fundi kwamba kuna jambo ulilisema asubuhi, na kwamba awarudishe watu haraka iwezekanavyo, kama bado inawezekana.

“Hawajatoka, Mheshimiwa,” akakujibu.

Alisema alisikia ukivuta pumzi kama mtu aliyekuta mtoto wake amelala kitandani baada ya kumtafuta mtaa mzima. Halafu ukakata simu. Hatukulaumu. Sisi wenyewe tulipoambiwa jioni ile kilichokuwa kimetupita juu ya vichwa, wengine tulikaa chini kwenye sakafu.

Kura zilifungwa saa kumi na kuhesabiwa jua likiwa bado lipo. Katika chumba namba kumi na tisa, kura zilifungwa vifurushi vya hamsini hamsini, na msimamizi, kwa uchovu wa kawaida, akakiweka kifurushi chako kimoja juu ya rundo la mpinzani wako. Hakuwa na nia mbaya na hatumtaji kwa ubaya. Lakini kura hamsini zikikaa kwa mwenzako zinakuumiza mara mbili: wewe zimekupungua, yeye zimemwongezekea. Mwalimu akanyoosha kidole kama alivyokuwa akikataza watoto wasinyooshe, akaomba kifurushi kile kifunguliwe. Kilipofunguliwa, picha ya juu ilikuwa yako. Kikarudishwa, msimamizi akamshukuru, fomu ikatiwa sahihi.

Ulishinda jimbo hili kwa kura sitini na moja. Hesabu iliyobaki unaweza kuifanya mwenyewe. Bila kidole kile, ungeshindwa kwa thelathini na tisa.

Mafanikio

Mafanikio yetu ni haya. Fomu ishirini na sita za matokeo zina sahihi ishirini na sita za Muungano. Wewe upo Bungeni. Muungano una viti viwili zaidi ya wapinzani, na kimoja kati ya hivyo viwili ni hicho ulichokalia.

Lipo jingine ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Jioni ile kabla ya giza, mwenye duka la misumari alikwenda kwa dada yake na kusimama mlangoni, haingii, hatoki. Shemeji yake alikuwa ndani anazichomoa pini ukutani. Kwa wiki tano hawakuwa wamesemezana neno. Mume wa Fundi akasogeza kiti kwa mguu.

“Kaa, shemeji,” akasema. “Tumeshinda kwa tabu.”

Akakaa. Fundi akainama juu ya mashine kana kwamba uzi umekatika. Uzi haukuwa umekatika.

Nyumba za namna hiyo ni nyingi hapa, Mheshimiwa. Tuna wakwe waliokuwa hawapeani mkono, na sasa wanakopeshana ngazi. Wake zetu na waume zetu walio vyama tofauti wamerudi kugombania mambo ya kawaida. Hatukujua kama utulivu una uzito mpaka tulipotuliwa ule mzigo mwingine.

Changamoto

Vizibao havikuwa na mifuko, kalamu zikapotea. Viti vya darasa la watoto viliwaumiza watu wanene. Hayo ni madogo.

Kubwa ni barua mbili zilizofika wiki moja. Kamati ya Nguzo ilimwandikia Mwalimu, ikimtaka aeleze kwa nini alionekana hadharani amevaa nembo isiyo ya chama chake. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba alikuwa anawashindia uchaguzi. Kamati ya Kufuli ikamwandikia Fundi kwamba alikalia amri halali ya Mwenyekiti Mwenza. Kisha kamati zote mbili zikakutana na kuziunga mkono barua zote mbili, bila kura, kwa dakika ishirini. Tangu Muungano uundwe, hilo ndilo jambo la kwanza mlilokubaliana bila ubishi: kwamba wenye makosa ni sisi.

Hatusemi barua ya Fundi haina hoja. Inasema kwamba mratibu akianza kuchagua amri za kupeleka na za kutia kwenye droo, kesho atakuja mwingine na kuikalia amri nzuri. Ni hoja ya kweli. Sisi ni wahafidhina, tumelea watoto wetu kuitikia “naam” kabla hawajajua wanaitiwa nini. Utii kwetu si mapambo. Ndiyo maana tuliikalia barua hiyo vikao viwili, na katika kikao cha kwanza nusu yetu tulitaka kuomba radhi ili mambo yaishe, yule mama arudishiwe kazi na sisi turudi majumbani.

Fundi mwenyewe akatuambia tusigombane kwa ajili yake, ataiandika hiyo aya kwa mkono wake. Akachukua karatasi, akaandika, “Nasikitika kwamba.” Akakaa. Akatafuta la kuweka mbele ya maneno hayo. Anasikitika kwamba viti havikubaki vitupu? Kwamba Mwalimu hakwenda nyumbani? Kwamba wewe ulipopiga simu saa tisa alikuwa na jibu la kukupa? Alikaa na karatasi ile mpaka yule mteja wa siku ya kura akaja kuchukua suruali yake, akaikuta bado imepigwa pasi mguu mmoja. Akaikunja karatasi na kuirudisha kwetu na maneno yake mawili.

Katika kikao cha pili hakuna aliyependekeza tuyamalizie.

Maombi

Tunaomba Fundi arudishwe. Uchaguzi wa madiwani uko wiki nane mbele, vyumba ni vile vile, viti ni vile vile, na suala la maduka bado halijajadiliwa kwa hekima wala bila hekima. Ugomvi mwingine utakuja. Tunaujua, tunauona unavyovaa viatu. Ukimweka mtu anayepeleka kila kitu bila kukisikiliza, atakipeleka na hicho kitakachokumaliza.

Tunaomba kuanzia sasa amri yoyote ya kuwatoa watu vyumbani isemwe kwa sauti mbili, ya mwenyekiti wa Nguzo na ya mwenyekiti wa Kufuli, na isubiri saa moja kabla haijatumwa. Utaratibu huo haukuvunjii heshima. Ungekuwepo siku ile, barua isingeandikwa, na sisi leo tungekuwa tunakuomba mabati ya ukumbi.

Na mabati pia tunayaomba.

Mheshimiwa, tunakupenda. Hatukukalia viti vile siku nzima kwa ajili ya mtu tusiyempenda. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, akupe usingizi wa kutosha katika siku kubwa, aipoze hasira yako ikiwa ingali kifuani, aulinde Muungano huu na wanaoupenda kwa fujo. Aibariki nyumba yako na meza hiyo mliyoikalia pamoja.

Imebaki aya iliyotakiwa. Tumeambiwa iwe fupi na iwe ya mwisho, na kwa hilo tumetii.

Sisi Mawakala wa Kiti Kimoja, ishirini na sita wa Nguzo na ishirini na sita wa Kufuli, akiwemo mwenye duka la misumari ambaye hakufika chumbani na amesaini nasi, tumekubaliana kwa pamoja na mratibu wetu akisikia: siku ile hatukutoka, na hatuombi radhi.